Janga la Mbinguni

Kikao kilifanyika mgahawani Seoul, chumba cha ndani, viatu vimeachwa mlangoni kama kawaida. Pyo Gwang-sik, gavana wa zamani, alikuwa bado hajatangaza kwamba anautaka urais, ingawa hata mpishi alishajua. Tak Yeon-suk, mwandishi wa hotuba zake, hakumwamini yeyote pale, na supu hakuigusa.

Katika hotuba ya Jumatatu lilibaki neno moja la kuamuliwa. Enzi za ugavana wake, mvua ikimwagika, Pyo alikataza milango ya bwawa isifunguliwe mpaka tamasha lake la mashua liishe. Kisha ikafunguliwa yote kwa mpigo. Kijiji cha chini kikasombwa, na baba yake Yeon-suk hajapatikana hadi leo. Mezani hakuna aliyejua kwamba ni baba yake. Kazi hii aliiomba kwa ajili ya neno hilo tu.

"Waandishi watauliza," alisema Gu, mpanga mikakati. "Tuwaambie nini?"

"*Injae*," Yeon-suk akajibu. "Janga la mtu. Ukikiri mwenyewe, Mheshimiwa, nani atakusuta tena?"

Gu akacheka. "Bi Tak, unataka kutuzika? Tuseme *cheonjae*, janga la mbinguni. Tunabadilisha silabi moja tu, na mbingu haina wakili."

"*Cheonjae*," Pyo akalionja neno. Kule mlangoni viatu vyote vikajaa maji ya tope. Ilikuwa hivyo kila alipolitamka, tangu majira ya baridi. Mhudumu akaleta matambara bila kuitwa.

"Na mbele ya kamera je?" Pyo akauliza.

"Mabuti ya mpira," akasema Gu. " Mgombea mwenye mabuti anaonekana mtu wa kazi. Watu wanapenda."

Pyo akamkazia macho Yeon-suk. "Wewe mbona *injae*, *injae*? Hivi kwenu wapi?"

Yeon-suk akapiga hesabu. Angekitaja kijiji, angetimuliwa kabla supu haijapoa, na hotuba ingebaki mikononi mwa Gu.

"Hapa hapa Seoul, Mheshimiwa."

Walipotoka, kila mtu alimwaga maji yake. Ndani ya kiatu cha Yeon-suk mlikuwa na meno ya bandia, moja la dhahabu. Aliyajua. Kila jioni baba yake aliyaweka kwenye kikombe karibu na redio.

"Ya nani hayo?" Gu akauliza, akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Sijui," akasema, akayafunga kwenye leso. Aibu ilimchoma hadi masikioni.

Jumatatu Pyo alisimama mbele ya kamera na mabuti yake, akasema *cheonjae* kama lilivyoandikwa. Maji yakamfika magotini. Magazeti yakamsifu kuwa ni mtu asiyeogopa maji. Yeon-suk, ambaye ndiye aliyeliandika, alipiga makofi pamoja na wengine, na mkobani mwake meno yakawa yanagongana.