Watu Ishirini na Sita wa Kwamhozo

Kituo cha umeme cha Kwamhozo kilikuwa na wafanyakazi kumi, pamoja na mpishi. Waraka uliotoka Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 1976 ulitaka kila kituo chenye bwawa kiwe na watu ishirini na sita wa dharura. Pengo hilo lingemkosesha mwingine usingizi, lakini Meneja Kaleb alikuwa mtu wa kulala vizuri. Alimwita Mwantumu, karani wake wa kupiga chapa, akamwambia aweke karatasi mpya kwenye mashine.

Bwawa lilikuwa na milango mitatu ya kupunguzia maji. Mota ya kuifungulia ilikuwa imekufa mwaka mzima, na kipuri kilikuwa njiani, kama kila kitu siku zile kilivyokuwa njiani. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa kwa kuzungusha mpini kwa mikono, na mpini mmoja ulihitaji wanaume wanne wenye nguvu. Wanne mara tatu ni kumi na wawili, na wafanyakazi wenyewe, ukiwatoa wenye king'ora, simu na mitambo, hawakubakia hata wa kushika mpini mmoja.

"Tutaazima watu kijijini," alisema Kaleb. "Mkaguzi akija ataona watu. Hatauliza wamelala wapi."

Kijiji chenyewe kilikuwa Mapambano, chini ya bwawa, mwendo wa kilomita mbili kwa njia ya ng'ombe. Wakazi wake walihamishwa kutoka Mazingara miaka miwili nyuma, wakapangwa kwa mistari iliyonyooka kando ya mto, nyumba arobaini, kama madawati darasani. Ndiko alikotoka Mwantumu pia, na kaka yake Athuman alikuwa amepata kiwanja cha mwisho kabisa, karibu na maji. Kaleb alishonesha ovaroli kumi na mbili dukani kwa Shamshudin pale Korogwe, na wanaume kumi na wawili wakapatikana.

Mwantumu alipiga chapa majina yote. Alipofika sehemu ya mwisho, "Kuonya Bondeni: watu wanne, washuke kabla mlango wowote haujafunguliwa," majina yalikuwa yamekwisha.

"Rudia wale wa mlango wa pili," alisema Kaleb.

"Ndugu Meneja, hao wako mlango wa pili. Watashukaje bondeni huku wameshika mpini?"

"Mkaguzi ana viatu vya ngozi, Mwantumu. Hatashuka kwenye tope kuhesabu watu. Andika."

"Na ikiwa kweli?"

"Tangu umeajiriwa hapa, umeona bwawa hili limejaa?"

Hakuwa ameona. Tena alikuwa binti wa kwanza kutoka Mazingara kukaa mbele ya mashine ya chapa, na kiti kile kilimlisha yeye na mama yake. Akaandika. Jina la kwanza katika wale wanne lilikuwa la Athuman.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuja, mwenyeji alijipaka poda tu juu ya kidonda. Siku moja kabla ya ukaguzi, mjumbe alipita Mapambano akitangaza kwamba king'ora kikilia ni mambo ya wafanyakazi, wanakijiji wakae majumbani wasiharibu ugeni. Kesho yake kikalia. Wanaume kumi na wawili wakapanda mlima mbio, ovaroli mpya zikiwaka, wakazungusha mipini mpaka milango ikainuka kidogo na kushushwa tena. Dakika kumi na nne. Mkaguzi aliangalia saa yake, akasoma orodha, akaandika kwa kalamu ya wino: watu wanatosha. Kisha wakala pilau.

"Mimi umeniandika wapi, mdogo wangu?" Athuman alimwuliza Mwantumu, jasho likimtoka, amejaa fahari kuliko bwana harusi.

"Mlango wa pili, kaka."

Haukuwa uongo, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Aliona furaha ya kaka yake akaona haya kuiharibu.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Ilinyesha milimani Usambara siku tano bila kupumzika, na siku ya sita, saa nne asubuhi, maji ya bwawa yalikuwa yamebakiza shubiri moja kufika ukingoni. Kaleb alikuwa amepoteza saa nzima akijaribu kupiga simu Korogwe kuomba ruhusa. Simu ilikuwa imekufa. Mwishowe akaamuru king'ora kilie, na tumseme kwa haki: kwa hilo hakuwa na njia nyingine. Ukuta wa udongo ungepasuka, maji yangeondoka na Mapambano, mashamba yote, na reli ya Mnyuzi juu yake.

Wanaume kumi na wawili walikuja mbio, wamelowa, bila kukosa hata mmoja. Walifanya kama walivyofundishwa. Wakaishika mipini.

Mwantumu alikuwa dirishani. Alimwona Athuman akiinama kwenye mlango wa pili, na hapo ndipo moyo ulipompasuka. Mashavu, mke wa Athuman, alikuwa amejifungua siku kumi na moja zilizopita. Alikuwa ndani, katika arobaini yake, na mtoto wa kiume ambaye hata jina lake halijazoeleka.

"Ndugu Meneja! Nani ameshuka bondeni?"

Kaleb aliangalia orodha ukutani kana kwamba ingemjibu. "Waliomo humu."

"Waliomo humu wako pale!"

"Ukimtoa mmoja, mlango hauendi."

"Basi wangoje! Nusu saa tu!"

"Hatuna nusu saa, Mwantumu. Toka hapo dirishani."

Alitoka. Alivua viatu akakimbia. Alipita karibu na mlango wa pili akiita, "Kaka! Kaka!" lakini mngurumo wa maji ulimeza sauti yake, na Athuman hakuinua kichwa. Wanne walizungusha kwa pamoja, wakihesabu. Mlango ulikuwa umeanza kuinuka.

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Alianguka mara mbili. Alifika nyumba za kwanza akipiga milango kwa ngumi, "Tokeni! Pandeni mlimani! Maji!" Wanawake walitoka na miiko mikononi wakamshangaa.

"King'ora tumekisikia, mwanangu," alisema Bi Chausiku, mzee wa nyumba ya pili. "Tuliambiwa si chetu."

"Leo ni chenu, bibi! Nakuomba!"

Ikabidi abishane. Ikabidi ambebe mtoto wa mtu hadi juu ya kichuguu, arudi. Nyumba arobaini kwa watu wanne ni kumi kwa kila mmoja. Yeye alikuwa peke yake. Katikati ya kijiji alisimama. Angeweza kuacha milango yote na kukimbia moja kwa moja mpaka kwa wifi yake. Aliitaka hiyo njia kuliko kitu chochote duniani. Lakini mlango uliokuwa mbele yake ulikuwa na sauti za watoto, akaugonga, na uliofuata akaugonga, na uliofuata.

Alikuwa amefika mstari wa nne alipoyasikia. Maji yalikuja yakiwa meusi, yamebeba mabua na mbuzi. Mtu alimshika mkono akamvuta juu ya mteremko. Mstari wa tano na wa sita ulikwenda mbele ya macho yake.

Bwawa halikupasuka. Waliokufa walikuwa kumi na mmoja. Mashavu walimpata kesho yake, mtoto amefungwa kifuani kwa kanga.

Maofisa wa mkoa walikuja siku ya pili. Kaleb aliwaonyesha mpango, wakahesabu majina, wakakuta ishirini na sita na sahihi ya mkaguzi chini. Wakaandika kwamba mvua ilizidi kiasi. Mwantumu wakampa mkono kwa ushujaa wake.

Siku ya tatu ya msiba Athuman alikuwa amekaa peke yake nje ya shule walikohifadhiwa walionusurika, viganja vimefungwa vitambaa. Mpini ulikuwa umevichuna ngozi.

"Mwantumu."

"Abee, kaka."

"Wewe ndiye uliyepiga chapa ule mpango. Hakukuwa na watu wa kuja kuwaonya huku?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kumtaja Kaleb, na ingekuwa kweli.

"Walikuwapo wanne."

"Walikuwa wapi?"

"Mlango wa pili, kaka. Ni nyinyi. Jina lako ndilo la kwanza."

Athuman alimtazama kama mtu anayesomewa barua kwa lugha asiyoijua.

"Mimi hakuna aliyeniambia."

"Hakuna. Nilijua mimi. Siku ile uliponiuliza, nilijua."

Aliinuka kwa kujitegemeza na viwiko, maana viganja havikuweza kushika kitu, akaenda kukaa mwisho wa jamvi la wanaume. Mwantumu alibaki pale pale akingoja arudi amtukane, hata amzabe kofi. Alingoja mpaka chakula cha msiba kikapakuliwa, na hakupata hata hilo.