Gari Linaloenda Pole

Kwa miaka mingi Umaru alijisifu kwamba mwaka wa sabini na tisa alilitoa lori la jeshi Arua hadi mpakani bila kukanyaga breki. Kwamba alikuwa akikimbia vita, hilo hakulitaja. Sasa, miaka ya tisini, aliendesha gari la wagonjwa la Koboko kwa ushujaa uleule, na yeye na breki walikuwa bado hawajazoeana.

Siku moja alimbeba Hawah kumpeleka hospitali ya Arua, aliyejifungua asubuhi na damu ikakataa kukoma. Mumewe, Sule, alibaki kukusanya ndugu wa kutoa damu. Umaru angerudi kuwachukua. Nesi Paska alipiga magoti nyuma, mkono mmoja ukikandamiza tumbo la mgonjwa, mwingine ukishika dripu. Shimo la kwanza lilipong'oa sindano, aligonga kioo.

"Umaru, ukirusha yeye tena, damu itaisha kwa barabara. Enda pole."

Pole! Huku kwetu gari la wagonjwa likienda pole, watu hujua mgonjwa ameshakata roho. Wanawake waliotoka shambani waliketi kando ya njia, wakaanza kulia. Mtu wa baiskeli aliyeelekea Koboko alishuka, akavua kofia, akachungulia ndani, kisha akapanda tena mbio. Umaru aliona haya kuliko mwizi wa kuku. Alitamani kushuka awaeleze kwamba yeye ndiye yule wa lori. Lakini kila mguu ulipomwasha, alimsikia Hawah akiguna, akauondoa kwenye mafuta.

Walifika Arua Hawah akiwa hai, midomo imempauka. Daktari alitaka damu upesi. Umaru aligeuza gari, na kwa kuwa lilikuwa tupu, akalirusha apendavyo.

Kwa Sule alikuta habari ya mtu wa baiskeli imemtangulia, mikeka imetandikwa na kilio kimekolea. Wale ndugu wa kutoa damu walikuwa wakichimba kaburi. Aliapa kwamba Hawah yu hai, lakini hakuna aliyenyanyuka; walidhani anawafariji tu.

"Kama iko hai," Sule aliuliza, "kwa nini wewe, Umaru, ulienda pole?"



"Kwa sababu iko hai," Umaru alisema. "Ile mbio yote ilikuwa ya jina yangu tu."

Sule aliinuka. Ndugu walipanda garini na udongo mikononi, na Umaru akawakimbiza hata wakatapika njia nzima. Damu, alhamdulillahi, haitapikwi. Hawah aliipata yote.