Tabu Hakuvuka Mto

Asubuhi moja, wiki mbili baada ya kumzika kaka yake Manyok, Yar aliifunika cherehani yake, akamwambia mwenye duka pale Lodwar kwamba sare za shule zingengoja, akapanda gari la kwenda Kakuma. Hakuwa anakwenda kaburini. Alikuwa anakwenda kutafuta kitabu.

Kilikuwa kitabu chembamba cha shule ya msingi. Yar alipokuwa na miaka sita, hajajua kusoma, Manyok alimsomea kila jioni mlangoni mwa nyumba yao katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Katika hadithi hiyo, wezi walimpora binti aitwaye Tabu mbuzi wake, wakavuka nao mto uliofurika. Tabu akashika mkia wa fahali, akavuka, akawatukana wezi hao mmoja mmoja, akarudi na mbuzi wote. Hapo Yar alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Tangu mazishi hakuwa amelala vizuri, na kitu pekee alichotamani ni hadithi ile.

Manyok aliuawa na ugonjwa wa figo. Angetibiwa hospitali kubwa, ila alihitaji barua ya rufaa, na barua ilihitaji sahihi. Wiki saba alikwenda zahanati kila Jumatatu, na kila Jumatatu karani alimwambia asubiri. Sahihi ilipatikana siku mbili baada ya mazishi. Walimpigia Yar simu kumpa habari hiyo njema.

Mwalimu Ejore, Mturkana mwenye mvi aliyewafundisha wote wawili, bado ndiye aliyetunza kabati la vitabu shuleni.

"Ejok, Mwalimu," Yar alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, binti yangu. Pole sana kwa Manyok."

Yar alipomtajia kitabu cha Tabu, Mwalimu alipekua kabati, akakipangusa vumbi, akampa. Yar aliketi kwenye benchi, akakisoma kwa macho yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, maana alipojua kusoma alikuwa keshahamia vitabu vikubwa. Tabu alifika mtoni. Tabu akaketi ukingoni, akalia. Alikuwa mtoto mwenye adabu, kitabu kilisema, basi akasubiri. Ukurasa wa mwisho watu wa chifu walimletea mbuzi mmoja, kiguru, na kijiji kizima kikamsifu.

Yar alirudi nyuma, akahesabu kurasa.

"Mwalimu, hiki kimeng'oka kurasa. Anavuka wapi?"

"Nani?"

"Tabu! Anavuka mto wapi?"

"Tabu hakuvuka mto, binti yangu. Hilo ni somo la subira."

Yar aliinuka kwa nguvu hata benchi likaanguka.

"Subira! Tangu chekechea mnatufundisha tukae ukingoni tulie kwa adabu! Manyok amesubiri, Mwalimu. Amesubiri vizuri sana. Nani amemsifu?"

"Kitabu sikukiandika mimi."

"Lakini ulikifundisha!"

"Nilikifundisha," Ejore alikubali. Aliinua benchi, akakaa mwenyewe, kama aliyechoka ghafla. "Na Manyok nilimchapa kwa sababu yake. Kwenye mtihani aliandika kwamba Tabu alivuka akiwa ameshika mkia wa fahali. Nikampa sufuri, nikamwambia asome tena. Akaandika vile vile."

Yar alitaka kucheka, kikatoka kilio, na ndani ya kilio kile hasira haikupungua hata chembe. Miaka yote hiyo kumbe hadithi ilikuwa ya Manyok. Alikirudisha kitabu kabatini mwenyewe, akabamiza mlango.

"Nisindikize zahanati," alisema. "Nataka kujua barua ilikaa kwa nani."

Mwalimu hakubisha. Walitembea juani hadi zahanati. Dirishani, karani alimwonyesha Yar sehemu ya kuketi.

"Nitasimama," Yar alisema. "Lete faili la Manyok. Watu wote hawa kwenye foleni wanasikia ninachokuomba."

Karani alimtazama Ejore, ambaye aliwahi kumfundisha na yeye pia.

"Lete, Lokol," Mwalimu alisema.

Barua ilikuwa imelala wiki sita katika droo ya ofisa aliyekwenda likizo bila kumwachia mtu ufunguo. Yar alimfanya Lokol aandike jina la ofisa huyo kwenye karatasi na kupiga muhuri. Aliikunja karatasi ile, akaitia mfukoni. Hakupata faraja aliyoifuata Kakuma, na usingizi haukumjia usiku ule wala uliofuata. Ila sasa hasira yake ilikuwa na jina la mtu, na Jumatatu angeanza kumtafuta.