Midomo ya Shomoro

Tangu ajifungue, fundi cherehani aliweka sahani ya maji na punje za mtama chini ya dirisha la mtoto, maana kichanga chake kilinyamaza kikisikia shomoro. Mama mkwe wake alimwonya kwamba anayeita wageni asishangae wakija na wageni wao. Sikio la kufa halisikii dawa. Fundi alicheka, akaongeza mtama.

Lakini fundi alikuwa amewasoma ndege hao. Mwewe akipita, wao hulia mara moja, kisha kimya. Paka akija, huruka wote. Nyoka tu ndiye wasiyemkimbia. Huyo humzomea mpaka aondoke, na kila mdomo humwelekea yeye.

Asubuhi hiyo alikuwa akipinda gauni la mteja aliposikia wakizomea. Alitoka uani. Shomoro kama ishirini walikuwa kwenye kamba ya kuanikia, na midomo yote ilielekea dirisha la mtoto.

Aliingia mbio. Alimzoa mtoto pamoja na blanketi lake, akakimbia naye hadi mwisho wa ua, huku akimshukuru Mungu kwa sauti. Mama mkwe alikuja na mchi mkononi, akaingia chumbani kumsaka huyo nyoka.

Kelele hazikubaki dirishani. Shomoro walimfuata fundi, wakatua ukutani juu yake, wakaendelea kuzomea. Sasa midomo ilimwelekea yeye.

Alisimama palepale. Kumtupa mtoto hawezi, na kukimbia ni kukimbia na nyoka. Mtoto mwenyewe alikuwa macho, akiwachekea ndege.

"Mama," alisema polepole, "njoo huku, ila usikimbie. Yumo humu, kwenye blanketi."

Mama mkwe aliweka mchi chini. Fundi alipiga magoti, akalaza furushi, akaanza kulifunua kunjo moja baada ya jingine, kwa mikono iliyozoea sindano. Kunjo la tatu lilisogea lenyewe. Bibi alimnyakua mjukuu juu kwa juu. Nyoka mwembamba wa kijani alichomoza, akavuka ua hadi chini ya dirisha, akapita kando ya sahani ya maji, akapotelea kwenye majani.

Wanawake wote wawili walikaa chini wakalia bila kuoneana haya.

Mchana fundi aliishika ile sahani aivunje. Mama mkwe alimnyang'anya, akaipeleka mwisho wa ua, mbali kabisa na dirisha, akaijaza maji.

"Waache wanywe," alisema. "Leo walezi wamekuwa wao."