Mtani Haandikwi

Watu wa Newala wakikwambia kwamba Mwalimu Dastani alikuwa na hasira za karibu, usibishane nao, ila waulize kwanza alifanywa nini. Mtu habebi donge kifuani kwa kupenda. Donge lile alitiwa na wenzake wa kamati, tena huku wanacheka naye.

Ilikuwa miaka ile Mwingereza bado anatawala lakini watu wameshaanza kusema kwa sauti. Waandishi wa habari wa Jimbo la Kusini, wengi wao walimu na makarani walioandika baada ya kazi, wakaunda chama chao. Mwenyekiti akawa Mzee Cecil, Myao wa Masasi, mwalimu mstaafu wa misheni, mtu wa kuvaa koti jeusi hata jua la Oktoba likiwaka. Katibu akawa Walter, Mmakua mwenye mwandiko mzuri na msimamo wa mlenda. Dastani, Mmakonde, akawa mjumbe wa Newala. Kamati ilikutana Mkomaindo, palepale Masasi, sebuleni kwa Mzee Cecil, maana chama hakikuwa na ofisi. Hakikuwa hata na cheti. Sheria ilitaka kila chama kisajiliwe, na maombi yao yalikuwa yamelala mezani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya.

Sasa ile habari yenyewe. Upande wa Chilangala kulikuwa na kitongoji watu wakikiita Kwa Bwanali, kwa jina la jumbe wake. Anayeijua nchi ya Newala anajua maji ni nini kule juu. Kabla ya bomba, mwanamke alishuka bondeni alfajiri na debe, akapanda nalo jua limeshakuwa kali, na nusu ya maji imeshamwagika njiani. Siku bomba lilipofika watu walichinja mbuzi. Basi Jumbe Bwanali akawaamuru wanawake wakampalilie mikorosho yake, bure, kana kwamba amewaoa wote. Wakakataa. Akalitia bomba kufuli, ufunguo akautundika kiunoni, akasema asiyejua kupalilia hajui kunywa.

Esha, binti wa Mwanasha, alikuwa na mimba pevu. Akashuka bondeni kama bibi zake walivyoshuka. Wakati wa kupanda akateleza, debe likamwangukia, akaanza kuvuja damu palepale kwenye mawe. Wakambeba kwenye kitanda wampeleke hospitali. Hawakufika naye.

Dastani akaandika. Chama kilikuwa na kanuni nzuri, tuwape haki yao: habari ya kifo haiendi gazetini mpaka mjumbe wa pili wa kamati aithibitishe kwa macho yake. Aliyepanda Newala kuithibitisha ni Mzee Cecil mwenyewe. Akaliona kufuli, akalishika kwa mkono wake, akasikitika. Akaketi mkekani na Mwanasha, Mama Esha, akamwahidi kwamba gazeti likishasema, hakuna atakayemficha Jumbe. Habari ikatoka. Bomba likafunguliwa, na Jumbe akaitwa barazani ajibu mashtaka. Mama Esha, ambaye hakuwa amekula vizuri tangu maziko, siku hiyo alikula.

Lakini Bwana Shauri alighadhibika, na hasira yake haikumshukia Jumbe, ilikishukia chama. Akamwita Mzee Cecil, akamuuliza kama chama cha wachochezi kinataka cheti kweli. Mzee Cecil alirudi nyumbani, na hayo hakumwambia Dastani.

Hapa lazima nikwambie jambo la utani, kama wewe si wa kwetu. Wayao na Wamakonde ni watani tangu enzi za babu. Wakikutana hawapeani shikamoo wala marahaba, wanapeana matusi. Na ada ya utani ni hii: mtani akikusingizia jambo, hukatai. Ukikataa umekasirika, na mtani hakasiriki. Unakubali, tena unaongeza. Akikuita mwizi wa kuku, unasema ndiyo, na mbuzi wako yuko kwangu pia. Maneno hayo yakishasemwa yamekwisha, hakuna baraza linaloyasikiliza, wala jumbe wala kadhi hayashiki. Ndiyo maana watu wa makabila mawili waliouzana zamani wanaweza leo kulala nyumba moja.

Kila kikao Mzee Cecil na Dastani walianza hivyo. Huyu atasema babu zake waliwauza babu wa mwenzake kwa chumvi, tena chenji kidogo wakarudishiwa. Yule atajibu kwamba Wayao walipomaliza kuuza Wamakonde waliuza wajomba zao wenyewe. Wajumbe watacheka mpaka chai ipoe.

Kikao cha mwezi ule kilianza vilevile, kwa samaki nchanga, yaani panya wa shambani, ambao Dastani alisingiziwa kuwafunga mfukoni kama masurufu ya safari. Kisha Mzee Cecil, uso wake ukiwa bado na kicheko, akaegemea mbele.

"Hebu tuambie, Mmakonde wewe. Habari ile ya bomba si uliitunga tu, umelewa uraka?"

Dastani angefikiria nini? Ada ni ada. Akajibu kwa sauti ya kujigamba.

"Niliitunga yote. Nililewa uraka wa shangazi yako, na hata lile kufuli nililichora mimi kwa mkaa."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Walter peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama anaandika. Dastani alimwona, akadhani anaandika majina ya waliohudhuria. Mdomo uliponza kichwa, wanasema wahenga, lakini ule haukuwa mdomo wa kuponza. Ulikuwa mdomo wa mtu aliyekaa na ndugu zake.

Gazeti likaja na lori la Masasi. Dastani alisomewa na mkewe, Bibiana, kwa kuwa miwani yake ilikuwa shuleni. Bibiana akasoma kwa sauti. Kamati ya Chama cha Waandishi, gazeti lilisema, imemhoji mjumbe wake wa Newala, naye amekiri kwa kinywa chake mbele ya wajumbe wote kwamba habari ya bomba aliitunga akiwa amelewa. Kamati inamwomba radhi Jumbe Bwanali. Marehemu alianguka kwa uzembe wake mwenyewe. Chini yake, jina la Mwenyekiti na la Katibu.

Bibiana alimuuliza kama kweli alisema vile. Akasema ndiyo, alisema, lakini kwa utani. Mkewe akasema kwamba utani uliowacheka wafu, na walio hai watakaokufa kwa kiu, umemrudia mwenyewe.

Kabla jua halijazama mashtaka ya Jumbe yalikuwa yamefutwa na kufuli limerudi mahali pake. Kesho yake Mama Esha akaja. Alitembea kutoka Kwa Bwanali, vumbi mpaka magotini, akakataa kiti, akakataa maji, akasimama uani.

"Mwalimu, nilikupa kifo cha mwanangu ukisema," alisema. "Umekwenda kukichekea."

Alisema hilo tu, akageuka. Ningekuwa mimi ningetamani anitukane. Dastani alibaki uani. Angeweza kula mawe siku ile.

Akapanda lori la kwanza lililokuwa likishuka Masasi. Alimkuta Mzee Cecil barazani kwake, anakunywa chai, na mara tu yule mzee alipomwona akaanza kama desturi: mlango wa kuku uko nyuma, Mmakonde, huku mbele wanapita watu. Dastani akavua kofia.

"Shikamoo, Bwana Mwenyekiti."

Kikombe kikasimama hewani. Katika miaka yote waliyojuana, neno hilo halikuwahi kupita kati yao. Mzee Cecil akashindwa kusema marahaba. Akamwambia akae, asilete mambo ya ajabu, ule ulikuwa utani tu. Dastani akamuuliza, kama ulikuwa utani, kwa nini uliandikwa? Na kama haukuwa utani, kwa nini alicheka?

Ndipo mzee akaeleza, na alivyoeleza ndivyo alivyojizika. Bwana Shauri alitaka habari ikanushwe, la sivyo hakuna cheti. Bila cheti chama ni haramu, wote wanaweza kufungwa. Alijua Dastani asingekubali kutia sahihi hata kwa bunduki. Basi akatafuta njia isiyomwumiza mtu. Baada ya mwaka mmoja watu wangesahau, na chama kingekuwa kimesimama.

"Chama kwanza, mwanangu," alisema. "Kikifa chama, kesho utaandikia wapi?"

"Chama cha waandishi wa habari kinachofuta habari ni chama cha nini?" Dastani aliuliza. "Kufuli ulilishika kwa mkono wako, Mzee. Mkeka wa yule mama uliukalia. Ungeniuza kwa chumvi kama babu zako, ningekuelewa. Umeniuza kwa utani wangu mwenyewe."

Mzee Cecil akafungua mdomo. Dastani akamwinulia mkono.

"Mtani haandikwi. Wewe umeniandika. Basi mimi na wewe si watani tena, wala Wamakonde wote wa Newala si watani wako. Nitawaambia."

Akawaambia. Sokoni, kanisani, msikitini, kilabuni, kila Mmakonde akasikia kwamba kuna Myao mmoja Mkomaindo anayeandika utani. Na usidhani hilo ni jambo dogo. Mzee Cecil alianza kulionja sokoni Masasi. Wamama wa Kimakonde waliokuwa wakimrushia maganda ya muhogo na kumwita mume wao mzee, sasa walimpigia goti: shikamoo Baba, karibu Baba, upunguziwe Baba? Wapakiaji wa lori walimpisha njia. Adabu ikamzunguka kila upande, na hakuna aliyemgusa. Cheti kikaja, kina muhuri mwekundu. Walter akakitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni. Kamati ikapiga makofi. Kiti cha Newala kilikuwa kitupu.

Mwanzo wa masika mama yake Mzee Cecil, Bibi Helena, akafariki. Alikuwa mzee sana, aliyependwa, na kifo cha mtu kama huyo kwetu ndicho hasa kazi ya watani. Ni wao wanaochimba kaburi na kupika. Ni wao wanaovaa kanga za marehemu na kutembea kama yeye, wakiwaomba wajukuu tumbaku, mpaka aliyekuwa akilia anajikuta anacheka. Ni wao wanaoingia kaburini na kulala humo wakidai haki yao. Msiba usio na watani ni msiba wa mtu asiye na watu.

Watani wa Newala walikuja. Hilo ndilo lililomvunja Mzee Cecil, kwa sababu kama wasingekuja angewalaani akatulia. Walishuka na lori zima, Dastani mbele, Mama Esha nyuma. Wakasalimia mmoja mmoja, pole Bwana Mwenyekiti, pole Bwana Mwenyekiti. Wakachukua majembe wakachimba. Wakabeba kuni, wakachota maji, wakapika. Hawakumuiga marehemu. Hawakumtukana mtu. Hakuna aliyeingia kaburini kudai kitu. Walifanya kazi kama vibarua, na kimya chao kikatanda juu ya uwanja mzima hata Wayao wenyewe wakaacha kulia wakawa wanatazamana.

Kabla ya kushusha jeneza Mzee Cecil alishindwa. Akamfuata Dastani pembeni ya kaburi, akamshika koti, akaanza kumtukana. Akamwita mla panya, akamwita mtumwa aliyerudishwa kwa ubovu. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nitukane," alisema. "Nitukane, Dastani. Mama yangu anazikwa kama maiti ya barabarani."

Dastani alimtazama. Hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo, na hakujifanya imepungua.

"Nitakutukanaje, Bwana Mwenyekiti?" alijibu, na kila mtu alisikia. "Walter yule pale. Ataandika."

Walter akainamisha kichwa. Padri akafunga kitabu chake akasubiri. Mzee Cecil akaliachia lile koti, akasimama wima, akavua kofia mbele ya watu wote: wazee, jamaa zake, wajumbe wa kamati, na karani wa Bwana Shauri aliyeletwa kwa heshima. Akasema kwamba kufuli aliliona. Alilishika. Dastani hakuwa amelewa wala hakutunga neno. Esha hakuwa mzembe, aliuawa na kiu, na yeye Cecil alijua hivyo siku aliyotia sahihi, akatia. Kisha akamgeukia Mama Esha, akapiga magoti kwenye udongo wa kaburi la mama yake, akamwomba amsamehe.

Watu wakashusha pumzi. Wamakonde wawili watatu walishaanza kutabasamu, wakitafuta tusi la kufungulia. Hata Dastani alihisi donge lile limesogea kidogo. Lakini Mama Esha alikuja mbele, akasimama juu ya yule mzee aliyepiga magoti.

"Nimekusikia," alisema. "Hapa tulipo sote tulikuwa tunajua. Kayaseme kule gazetini ulikosemea yale mengine."

Akajifunga kanga yake vizuri, akaelekea kwenye lori. Mmoja baada ya mwingine, Wamakonde wakaweka majembe chini wakamfuata, Dastani akiwa wa mwisho. Chakula walichokipika wenyewe kilikuwa kimeiva. Hakuna aliyekionja.