Minyoo katika Chombo Namba Tisa

Mwenye binti mwenye haraka na asome hili mpaka mwisho, asije kusema hakuambiwa.

Pil-sun wa Suwon, Korea, alikuwa na binti mmoja, Garam, na wasiwasi wa watu kumi. Garam alikuwa fundi katika kampuni ya simu, kwenye ile sehemu ya simu inayohifadhi picha na video. Jumatatu alitakiwa awaonyeshe wakubwa jinsi alivyoifanya simu ihifadhi vitu haraka zaidi. Akishindwa, kazi yake ya miezi minane wanapewa wengine. Mama mtu alikuwa hali wala halali. Garam mwenyewe alikuwa anakula vizuri tu.

Jumamosi ikawa siku ya kutengeneza kimchi, ile kabeji ya kuchachushwa kwa pilipili. Kabeji sitini zimelala kwenye chumvi, pilipili imekorogwa, na friji ya barazani imejaa vyombo vya plastiki, vya nyumbani na vya majirani. Utaratibu wa Pil-sun ulikuwa uleule wa miaka thelathini. Anabeba beseni hadi barazani, anatafuta chombo kisichobandikwa karatasi, maana kisicho na karatasi ni kitupu. Anakijaza, anabandika jina, anaandika daftarini, anarudi jikoni. Kisha anaanza tena.

"Mama, unanikumbusha simu mbovu," alisema Garam.

"Na wewe unanikumbusha baba yako. Paka pilipili."

"Kweli mama, sikia. Kwa kawaida simu inaweka mzigo mezani kwanza, ikipata nafasi ndiyo inaupeleka kabatini. Lakini kuna kazi hazitaki meza, zinataka kabatini moja kwa moja. Basi kwa kila konzi inasimama: niweke wapi? Iandike daftarini, irudi, iulize tena! Mimi nimeikata safari hiyo. Nafasi zote zinashikwa mara moja, daftari linaandikwa mara moja, halafu ni kumwaga tu."

Kabla mama hajajibu, Garam alishatoka kwenda barazani. Akabandika jina na namba kwenye kila chombo kisicho na karatasi, akaandika daftarini mstari mmoja baada ya mwingine: kimejaa, kimejaa, kimejaa.

"Kimejaa na hakina kitu?"

"Kitajaa, mama."

"Na tukikatizwa?"

"Nani atukatize?"

Pilipili ikawakatiza. Iliisha walipofika chombo cha sita, wakashuka wote wawili dukani. Nyumbani akabaki baba, Du-sik, mbele ya televisheni.

Waliporudi, lifti ilifunguka na ndani alikuwamo Bi. Tak wa ghorofa ya saba, amejibana kwenye kona na kiatu kimoja. Alikuwa amefungua chombo ili aonje njiani. Nyungunyungu wa chambo, wazima na wamenenepa, walikuwa wanatembea kwenye sakafu.

"Mama Garam! Nimekukosea nini mimi?"

Juu, Du-sik alisimama na daftari kama mtu mbele ya hakimu. "Imeandikwa hapa! Bi. Tak, namba tisa, kimejaa. Alikuja kuchukua chake, akasaini, nikampa."

"Na minyoo yako ya kuvulia samaki? Wiki iliyopita nilikwambia uiondoe!" alifoka Pil-sun.

"Uliniambia hutaki kuona neno minyoo frijini. Nikabandua karatasi. Umeliona tena?"

Bi. Tak akacheka bila kutaka. Garam hakucheka. Alisimama na mfuko wa pilipili, uso mweupe kama figili.

"Mama, hivi ndivyo nilivyotengeneza."

"Umetengeneza minyoo?"

"Simu yangu inaandika kimejaa kabla ya kujaza. Ikizimika katikati, mtu anafungua video ya mwanawe anakuta vitu vya zamani alivyokwisha kuvifuta. Kufuta kwenyewe ni kubandua karatasi tu!"

Pil-sun aliwaza mambo ambayo watu hufuta kwenye simu zao. Akakaa chini. "Basi Bi. Tak amepata afadhali."

"Sasa nifanyeje? Nikirudi kule kwa zamani, kasi yote imekwenda."

"Nani kasema urudi? Shika nafasi zako zote. Bandika majina. Lakini daftarini andika 'kimeshikwa'. Kikijaa ndiyo uandike 'kimejaa'. Atakayekuja kabla aambiwe hamna kitu, aende zake. Hilo nalo lahitaji chuo?"

Garam alitoka mbio kwenda kazini bila kuvua glavu za pilipili alizokuwa nazo tangu asubuhi, akaacha alama nyekundu kwenye vitasa vyote vya milango.

Jumatatu kasi ilipungua kidogo kuliko ile aliyojisifia, ila iliizidi ya zamani kwa mbali. Wakubwa waliizima simu katikati ya kazi mara kumi kwa makusudi. Mara kumi hawakukuta mnyoo. Kazi ikabaki mikononi mwake.

Bi. Tak naye anaendelea kuchukua kimchi yake kila mwaka. Lakini hasaini chochote, haamini daftari, na havuki mlango kabla hajakichokonoa chombo kwa kijiti mpaka chini.