Albamu Iliyosafishwa Mno

Bendi iliitwa Usaha, na kwa miaka minne ilikuwa imepiga muziki wa metali, kelele za kuwahamisha panya darini. Koo, mwimbaji wake, mchana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jioni aliunguruma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Maneno hayakuandikwa popote. Alibwata lolote lililomjia kinywani, akijua kwamba litafunikwa na magitaa, na mashabiki wao, watu sitini hivi, wabishi wote, walikubaliana kwamba anaimba habari za kuzimu.

Kumbe muda wote alikuwa anamsema kaka yake.

Kaka ndiye mpiga ngoma. Ndiye aliyemlea Koo wazazi walipofariki, na tangu avunjike mkono alikuwa anachelewa kidogo kwenye mdundo. Si sana, lakini metali haina huruma. Kumwambia usoni Koo hakuthubutu. Basi alimwambia kwenye maikrofoni, hatua mbili kutoka alipoketi, wimbo baada ya wimbo, na kaka akawa anatikisa kichwa kwa raha zake.

Albamu mpya waliipeleka kwa fundi mitambo aliyezoea kurekodi kwaya, maana fundi wao wa zamani alikuwa amehama. Huyu alikuwa na masikio mazuri na alijua hivyo. Kwake yeye, wimbo usiosikika maneno ni upuuzi. Akayashusha magitaa, akafuta mikwaruzo, akaipandisha sauti ya Koo juu kabisa, kisha Jumamosi adhuhuri akawaita ndugu hao wawili na mpiga gitaa, ambaye kazi yake ni mhudumu wa daktari wa meno, waje wasikilize.

"Nimeufikisha ujumbe," alisema, akabonyeza.

Kila neno lilikuwa wazi kama tangazo la msiba.

"Kaka, mkono wako mzito," sauti yake iliunguruma. "Umechelewa tena. Nakungoja. Kila kona nakungoja."

Mpiga gitaa akaanza kuvikagua viatu vyake. Fundi mitambo alikuwa anatabasamu, maskini, akisubiri sifa. Koo alitamani ardhi ipasuke immeze. Kaka akiviweka chini vijiti vyake leo, hatavishika tena, na Koo alimjua vizuri kwa hilo.

Wimbo ulikuwa wa dakika nane, na hakuna aliyethubutu kuuzima.

"Wakinipa mwenye mikono mizima, simtaki," Koo wa kwenye spika alifoka. "Chelewa tu, kaka. Nitapiga kelele mpaka ufike."

Spika zikanyamaza. Kaka aliusugua mkono wake.

"Miaka yote hii ulikuwa unaningoja?"

"Ndiyo, kaka. Nisamehe."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye unayewahi."

Mpiga gitaa akapaliwa na mate. Koo hakujua acheke au apige magoti. Kaka akamgeukia fundi mitambo.

"Bwana fundi, kazi yako nzuri, lakini rudisha uchafu. Magitaa yapandishe. Haya ni mambo ya nyumbani kwetu."

"Uchafu wote?" fundi aliuliza, uso umemshuka.

"Wote, na uongeze wako." Kaka akasimama, akafikiri kidogo. "Ila hii safi nitilie kwenye flashi. Nitakuwa naisikiliza mwenyewe."

Koo akatoka nje upesi. Kilio kilichomshika kilikuwa chembamba, cha kawaida kabisa, na hakutaka wenzake wa bendi wakisikie.